Baiskeli ni ya kweli, roketi mnayoidhani siyo

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha kidato cha tatu hapa Bahi. Wanafunzi wangu wamekutana na picha mbili kwenye simu. Moja inaonyesha mtu na baiskeli, nyuma kafunga kichwa cha roketi. Nyingine ni satelaiti iliyokaa juu ya mkokoteni wa maksai. Maelezo yanasema India ndivyo walivyoanza mambo ya anga za juu, na kwamba karakana yao ya kwanza ilikuwa kanisa. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, Bahi baiskeli tunazo, maksai tunao, makanisa yamejaa. Mbona sisi hatukuanza?" Darasa likaangua kicheko, mimi nikakosa la kusema. Habari hizo ni za kweli? Na huyu kijana nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo kijana kanichekesha mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kulikoni. Lakini nilipokwenda kulala swali lake halikunichekesha tena. Nimefanya kazi ya hali ya hewa maisha yangu yote, sehemu kubwa huku huku Kanda ya Kati, na kila nikilitazama naona ni swali lenye haki ya kujibiwa vizuri. Nianze na picha, maana hapo kuna uongo mdogo umechanganywa na ukweli.

Picha ya baiskeli ni halisi. Ilipigwa mwaka 1966 na Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mpiga picha mwenye jina kubwa, huko Thumba. Hicho kilikuwa kijiji cha wavuvi pembeni ya mji wa Trivandrum, siku hizi Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Kilichobebwa ni ncha ya mbele tu ya roketi, kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukishika. Eneo lilikuwa kubwa, magari ya kuhesabu, baiskeli ikafanya kazi yake kama inavyoifanya hapa kwetu.

Ila akitokea mtu akakuambia roketi ya kwanza kurushwa pale ililetwa kwa baiskeli, mkatalie. Ile ilikuwa ya Kimarekani, aina ya Nike-Apache, yenye vipande viwili vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Kipande cha chini peke yake kina uzito unaozidi nusu tani. Hiyo ni sawa na magunia matano ya mahindi na ushee. Hata zile baiskeli za mkaa unazoziona barabarani alfajiri, zilizofungwa mpaka mwendeshaji haonekani, hapo zingelala chini. Ilibebwa na lori.

Mkokoteni nao ni wa kweli, lakini ni habari ya mwaka 1981, miaka 15 baada ya picha ya baiskeli. Satelaiti ile iliitwa APPLE, ya mawasiliano, na Juni mwaka huo ilirushwa na roketi ya Ulaya, Ariane, kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Maksai hawakuitwa kwa sababu lori lilikosekana. Walikuwa wanapima antena. Mawimbi ya redio yakigonga chuma hurudi, na yakirudi yanaharibu kipimo. Ukiiweka satelaiti juu ya lori unakuwa unapima antena pamoja na lori lenyewe. Walihitaji kitu kisicho cha chuma, kinachoweza kusogezwa na kugeuzwa katikati ya uwanja mtupu. Mkokoteni wa mbao ukafaa. Waambie wanafunzi wako hivyo, maana picha ile husambazwa kuonyesha umaskini wakati inaonyesha watu wanaoelewa vizuri tabia za mawimbi.

Kanisa ni kweli tupu. Lilikuwa la Mtakatifu Maria Magdalena, la Wakatoliki, na waumini wake wengi walikuwa wavuvi. Inasimuliwa kwamba Vikram Sarabhai, mkuu wa mpango mzima, alimwendea Askofu Peter Bernard Pereira kuomba eneo. Askofu hakumpa jibu, akamwambia aje kanisani Jumapili. Siku hiyo akawaeleza waumini shida ya mgeni wake na kuwauliza kama wako tayari kuitoa nyumba ya Mungu na nyumba zao kwa ajili ya sayansi. Waliitikia amina. Familia zikahamishwa, wakajengewa kanisa jingine, na lile la zamani likawa ofisi na maabara. Roketi ya kwanza iliunganishwa humo ndani. Leo jengo lipo, limegeuzwa makumbusho. Mimi husita kidogo kwenye hiyo amina. Mvuvi akihamishwa kutoka ufukweni hapotezi kiwanja tu, na wasimuliaji wa habari hii wote ni watu wa roketi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kwa nini pale? India ni kubwa, ina majangwa matupu na pwani ndefu. Kwa nini wakahangaike kuhamisha watu na kanisa?

Ili nijibu naomba nikurudishe kwenye kazi yangu. Nilipoanza, kazi ya asubuhi ilikuwa kurusha puto la upepo. Unalijaza haidrojeni, unalifunga shingo kwa uzi, unatoka nalo nje ukilishika kama mtoto mkorofi. Anga likiwa la buluu bila mawingu unatumia puto jeupe, mawingu yakiwa yametawanyika unatumia jekundu, yakifunga kabisa unatumia jeusi. Unaliachia. Mwenzako ameshaweka jicho kwenye theodolaiti, darubini ya vipimo inayofanana na ile ya wapima ardhi, na kila dakika anasoma pembe mbili: puto liko upande gani, na limeinuka kiasi gani. Kwa kuwa unajua linapanda kwa kasi gani, hizo pembe zinakupa upepo wa kila urefu. Kiangazi, hapa Dodoma, puto huondoka kwa haraka kuelekea magharibi kama limeitwa, na shingo ya mwangalizi hubaki na maumivu mpaka jioni.

Siri yote ya kazi hiyo ni kutupa hewani kitu kinachoonekana, kisha kukifuata kwa jicho. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Puto, hata lile kubwa lenye redio, hupanda kilomita 30 au 35 hivi, likapasuka. Satelaiti kwa upande wake haiwezi kukaa chini ya kilomita 150 au zaidi kidogo, kwa sababu hewa iliyoko huko, japo nyembamba, huikwaza mpaka ianguke na kuungua. Katikati hapo, kuanzia mwisho wa puto hadi mwanzo wa satelaiti, kuna unene wa zaidi ya kilomita 100 ambao hakuna chombo kinachoweza kukaa. Njia pekee ya kuweka kipimo humo ni kukirusha kipite, dakika chache, kisha kidondoke. Hiyo ndiyo kazi ya roketi ndogo za utafiti. Haziendi kuzunguka dunia. Zinapanda, zinaonja hewa, zinaanguka.

Na ndani ya pengo hilo, kwenye urefu wa kilomita 100 na kitu, kuna jambo la ajabu. Mchana jua huzichanachana chembe za hewa zikawa na umeme, na juu ya mstari mmoja wa dunia umeme huo hutiririka kuelekea mashariki kama mto. Mto mwembamba, upana wake kilomita mia kadhaa tu. Walianza kuuhisi kutoka chini, katika kituo cha Huancayo, Peru, kilichoanza kupima sumaku ya dunia mwaka 1922: kila mchana vipimo vyao vilipanda kuliko vya mahali pengine. Mwaka 1951 Mwingereza Sydney Chapman akaupa jina. Kwa Kiswahili tuuite mkondo wa umeme wa ikweta.

Hapo sikiliza vizuri, mwalimu, maana wengi hujikwaa. Ikweta hiyo siyo ile ya kwenye ramani. Ni ikweta ya sumaku, yaani mahali ambapo sindano iliyosumakishwa, ukiitundika iweze kuinama itakavyo, inalala sawasawa bila ncha yoyote kuelekea chini. Mstari huo unapindapinda, na huhama polepole mwaka hata mwaka. Kwa upande wetu wa Afrika unapita juu sana, kule Ethiopia. Amerika ya Kusini unashuka mpaka Peru. Na India, miaka ile ya 1960, ulikuwa unapita karibu kabisa na ufukwe wa Thumba.

Basi jibu la "kwa nini pale" ndilo hilo. Walikuwa na mto wa umeme juu ya vichwa vyao, bahari magharibi ya kuangushia masalia, na uwanja wa ndege wa Trivandrum karibu. Mataifa makubwa yalikuwa na roketi lakini ardhi zao ziko mbali na mstari ule. Kwa hiyo mwenye roketi alimhitaji mwenye ufukwe.

Sarabhai aliliona hilo mapema, na hapa ndipo napenda wanafunzi wako waangalie tarehe. India ilipata uhuru Agosti 1947. Novemba mwaka ule ule, kijana huyu wa miaka 28, mtoto wa matajiri wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad, ametoka kumaliza shahada ya uzamivu Cambridge, alianzisha maabara ya utafiti wa fizikia mjini kwao. Walianza kwa vyumba vya kuazima, wakipima mionzi inayotoka anga za mbali. Hakuna roketi, hakuna picha ya kusambaza. Kuhesabu mionzi, kuandika, kuhesabu tena. Februari 1962 serikali ilipounda kamati ya taifa ya utafiti wa anga za juu, chini ya idara ya nishati ya atomiki iliyoongozwa na Homi Bhabha, Sarabhai akapewa uenyekiti. Na ilipofika siku ya kurusha roketi ya kwanza, nyuma yake palikuwa na miaka 16 ya watu kuzoea kupima.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, 21 Novemba 1963. Roketi imetoka Marekani. Mzigo wa kichwani umetoka Ufaransa, kazi ya Jacques Blamont na wenzake. Wahindi ni vijana wachache waliorudi kutoka mafunzoni kwenye vituo vya NASA, shirika la anga la Marekani, mmoja wao A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Walipotaka kuinua roketi kuiweka kwenye mtambo wake, kreni ikaanza kuvuja mafuta. Jua linaelekea kuzama na jaribio haliwezi kusubiri. Wakaishika kwa mikono, wakaisukuma ikakaa.

Jua kuzama siyo pambo la hadithi. Mzigo ule ulikuwa sodiamu, metali iliyomo kwenye chumvi ya mezani, iliyopashwa moto iwe mvuke. Walitaka kuitoa wakati huku chini kumeshaingia giza, lakini kule juu kabisa jua bado linamulika. Mvuke wa sodiamu ukipigwa na jua hung'aa rangi ya manjano inayoelekea chungwa, ile ile ya taa za zamani za barabarani. Kwa hiyo roketi ilipopita ikiumwaga, watu wa Kerala waliona mstari wa rangi umechorwa angani, unaanza kupinda, unajikunja. Kamera za vituo kadhaa vilivyoachana zikawa zinaupiga picha kwa wakati mmoja. Kwa kulinganisha pembe za picha hizo ukapatikana upepo wa zaidi ya kilomita 100 juu ya ikweta ya sumaku.

Umeiona, mwalimu? Ni puto langu lile lile. Kitu kinachoonekana, jicho la kukifuata, pembe, saa. Tofauti ni urefu tu, na gharama. Baadaye kidogo walirusha pale vijiroketi vyembamba vya Kimarekani vilivyomwaga nyuzi za shaba. Shaba ikawa inashuka na upepo, rada ikiifuata. Namba tatu ya mchezo ule ule.

Kesho yake, 22 Novemba, Rais Kennedy wa Marekani akauawa, na magazeti ya dunia hayakuwa na nafasi ya kuandika kitu kingine.

Kuhusu misaada, sina haja ya kuzunguka: walipewa vitu vingi, na hawakuona aibu. Marekani ilitoa roketi na mtambo wa kurushia. Ufaransa ilitoa mizigo, na baadaye ikawauzia haki ya kutengeneza roketi yake ya Centaure huko huko India. Urusi ya Kisovieti ikaleta helikopta na kompyuta. Miaka ile Wamarekani na Warusi walikuwa hawaangaliani usoni, lakini kwenye ufukwe ule mmoja vifaa vyao vililala jirani. Umoja wa Mataifa ukakiwekea kituo mkono wake, na tarehe 2 Februari 1968 Waziri Mkuu Indira Gandhi akakikabidhi rasmi kwa utafiti wa nchi zote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa ya Sarabhai, kuliko roketi yoyote. Alikuwa na ufukwe, akaubadilisha kwa elimu. Kila kilicholetwa aliweka vijana wake wakifungue na kukifunga.

Ndiyo maana roketi yao wenyewe ya kwanza, ya 20 Novemba 1967, haikuwa ya kujivunia kwa macho. Ilikuwa na kipenyo cha milimita 75. Mtume mwanafunzi kwa fundi bomba aombe kipande cha bomba la inchi tatu: upana wake ndio huo. Lakini ilikuwa yao. Shirika lao la anga, ISRO, likaundwa 15 Agosti 1969. Sarabhai mwenyewe alifariki ghafla Desemba 1971 akiwa kule kule karibu na Trivandrum, na miaka 52 tu. Aryabhata, satelaiti yao ya kwanza, ilirushwa na Warusi Aprili 1975, na satelaiti ya kwanza kwenda kwa roketi yao wenyewe ni ya Julai 1980, baada ya jaribio la mwaka uliotangulia kuishia baharini. Hayo yanaandikwa kila mahali, sitakaa hapo.

Ninapotaka kukaa ni kwenye Jumatano.

Kuanzia mwaka 1970 walikubaliana na Warusi kurusha pale Thumba roketi za hali ya hewa za aina ya M-100, zinazofika kilomita 80 na kitu, kila wiki, siku ya Jumatano. Wakarusha. Wiki hii, wiki ijayo, mwaka huu, mwaka ujao, kwa zaidi ya miaka 20. Zilipita 1,000. Hakuna mwandishi anayekwenda kutazama roketi ya mia saba na kitu. Joto na upepo wa tabaka za juu, namba zinaingia daftarini.

Nina sababu ya kuliona hilo kubwa. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi, haidrojeni iliwahi kutuishia. Tukaandika barua. Tukajibiwa subirini. Kila asubuhi niliendelea kufungua daftari la upepo, natia tarehe, halafu kwenye safu za pembe napiga mstari. Mistari ile ilijaza kurasa, miezi minne. Puto zipo kabatini, theodolaiti ipo, sisi tupo tumekaa. Mpaka leo mtu akichora upepo wa mwaka ule atakuta shimo, na hataweza kujua kuwa upepo ulivuma kama kawaida, ila mtungi ulikuwa mtupu.

Sasa tusogee nyumbani, maana upepo wa India siyo wa Wahindi peke yao. Kati ya 1959 na 1965 palikuwa na kazi kubwa ya mataifa mengi kuchunguza Bahari ya Hindi, na vile vijiroketi vya nyuzi za shaba viliingia humo. Walitaka kuelewa pepo za msimu. Kusi yetu, inayovuma miezi ya katikati ya mwaka, haiishii Lamu. Inapanda kandokando ya Afrika Mashariki, inavuka ikweta, inapinda kwenye pwani ya Somalia, inakwenda kuimwagia India mvua. Mwaka 1969 Mwingereza Findlater alionyesha kwamba sehemu yake ni mkondo wa kasi unaopita chini chini, kilomita moja unusu hivi kutoka usawa wa bahari. Upepo mmoja: ukiwa huku unatukausha mpaka michongoma inalia, ukifika kwao wanausubiri kwa ngoma.

Na roketi zilirushwa karibu nasi zaidi ya hapo. Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, waliweka majukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya. Machi 1964, miezi minne tu baada ya Thumba, walirusha kutoka pale Nike-Apache, ndugu wa ile ya Thumba. Aprili 1967 wakarusha satelaiti ya San Marco 2, iliyopima uzito wa hewa ya juu kwenye eneo la ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaruka kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali, ikaitwa Uhuru. Neno letu limo kwenye vitabu vya wanasayansi wa nyota wa dunia nzima kwa sababu hiyo.

Lakini Malindi walifuata ikweta ya ramani, siyo ya sumaku. Pale dunia inapozunguka, mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kwa mita 465 kila sekunde kuelekea mashariki bila kulipa nauli, na roketi ya kupeleka satelaiti inapata msukumo huo wa bure. Kijana wako akiwa mjanja atasema hata Dodoma msukumo upo. Ni kweli, sisi tuko nyuzi sita tu kusini, tunapoteza mita tatu hivi za kila sekunde, siyo hoja. Hoja ni kipande cha chini kinachodondoka. Malindi kinadondoka baharini. Ukirusha kutoka Bahi kuelekea mashariki, kati yako na bahari kuna karibu kilomita 400 za paa za watu: Dodoma mjini, Kongwa, Gairo, Morogoro, mpaka Pwani. Nani atakwenda kuwaambia?

Kuna jambo jingine ambalo wengi hapa hawalijui, na ndilo ninalopenda kusimulia kuliko yote. Mwaka 1975 India ilitaka kupeleka televisheni vijijini, masomo ya kilimo na afya. Hawakuwa na satelaiti ya kazi hiyo, wakaazima ya Marekani, ATS-6, kwa mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976. Vijiji kama 2,400 vilifungiwa seti na antena za waya zilizofanana na mwavuli. Satelaiti hiyo ya kusimama mahali pamoja iliegeshwa wapi ili ifanye kazi? Juu ya ikweta, longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Fungua atlasi: hapo ni Kenya, karibu na Kisumu. Dodoma ipo nyuzi 35 na robo tatu. Maana yake kwa mwaka mzima satelaiti iliyowafundisha wakulima wa India ilikuwa imening'inia karibu utosini mwetu, ukiinama kaskazini kidogo tu.

Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Ndiyo kwanza tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, tunalala kwenye nyumba isiyokauka udongo. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994. Nilipokuja kusoma hiyo longitudo, nimeshakuwa mtu mzima mwenye watoto, nilitoka nje nikaangalia juu kama mjinga. Hapakuwa na kitu, bila shaka.

Basi kwa kijana wako. Mwambie kwanza kwamba baiskeli, maksai na kanisa ni vitu walivyotumia kwa sababu vilikuwepo. Havikuanzisha kitu. Kilichoanzisha ni swali ambalo jibu lake lilikuwa juu ya kijiji kile na si kwingine, na watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya kupima. Sisi mwaka 1963 tulikuwa na uhuru wa miaka miwili. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza Oktoba 1961 na kitivo cha sheria peke yake. Mambo ya hali ya hewa yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, makao makuu Nairobi, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki kujipangia upya. Ya kwetu ikawa idara, mwaka 1999 ikawa wakala, na sheria ya 2019 ikaifanya Mamlaka. Kwa hiyo asijione mzembe wala asiwaone babu zake wazembe. Ila asijidanganye pia. Walichotuzidi sana wenzetu wale ni zile Jumatano, na Jumatano haihitaji ikweta ya sumaku.

Jaribio moja kwa darasa, halina gharama. Chukueni sindano ndefu ya kushonea na uzi mwembamba. Fungeni uzi katikati, sogezeni taratibu mpaka sindano ining'inie sawa kabisa, kisha bandikeni fundo kwa tone la gundi lisiteleze. Likikauka, isugueni kwa sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu ya redio, mara 30 au 40, mkielekea upande mmoja tu bila kurudi. Itundikeni tena ndani ya chumba kisicho na upepo, mbali na madawati ya chuma. Itajielekeza kaskazini na kusini, halafu itainama. Kwa Bahi tarajieni nyuzi 30 hivi au zaidi, mpime kwa protrakta. Ingekuwa Thumba mwaka 1963 ingelala tambarare.

Ncha itakayoshuka ni ya kusini. Ikishuka ya kaskazini, sindano haikuwa imesawazishwa vizuri kabla ya kusuguliwa. Ianzeni upya, na sindano nyingine.